Gari la Baba Yake Adelina

Igunga, 28 Julai 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa mafua ya vumbi, nayo ni ya shule nzima. Wewe je, mgongo unaendeleaje? Bado unalala chini ya magari bila mkeka?

Baba, jana imeniuma. Wageni wanaruhusiwa saa nne mpaka saa kumi. Tangu saa nne nilikaa kwenye jiwe karibu na geti, sare nimeinyoosha kwa pasi ya kuazima. Wenzangu wakaitwa mmoja mmoja. Nilipokuona unashuka kwenye bodaboda na kuanza kukimbia na hotpoti, mlinzi alikuwa anafunga. Tukaongea kwenye uzio dakika kumi, ukanipitishia chapati moja moja kwenye waya. Nilicheka kwa sababu na wewe ulikuwa unacheka. Ulipoondoka sikuweza kuzila, nikazigawa bwenini.

Najua basi liliharibika Nzega na wala sikulaumu. Ila tangu Mama afariki nina wewe tu, na mwezi mzima nasubiri siku moja. Mwezi ujao toka mapema, tafadhali.

Binti yako,
Zamda


Tabora, 6 Agosti 2024

Binti yangu Zamda,

Marahaba, mama. Barua yako konda wa basi ameniletea mpaka gereji. Mgongo upo. Mkeka nao upo, ila paka wa gereji ameuchukua na mimi sina ubavu wa kugombana naye. Majirani wote wanakusalimu.

Nyumba imekuwa kimya. Bado nasonga ugali wa watu wawili, mkono umeshazoea kipimo hicho. Nakula wangu, kisha nautazama uliobaki. Usinicheke.

Sasa sikiliza. Mambo ya basi yamekwisha, nitakuja na gari. Unajua gereji kila gari likishapona lazima tulitesti barabarani kabla mwenyewe hajalichukua. Wenzangu wanatesti mpaka Sikonge kufuata asali, na kuna mmoja alitesti kwenye harusi ya binamu yake kuanzia kumchukua bibi harusi hadi kurudisha viti. Bosi wetu Abdulatifu anageuza uso pembeni, mradi gari lirudi safi. Mimi miaka kumi na tisa sijawahi kutoa gari la mtu nje ya mji. Lakini kama ni kulijaribu gari, basi kwenda Igunga na kurudi ni jaribio la uhakika.

Mama yako asingekubali, najua. Ijumaa nilikwenda kumsomea Yasini kaburini, na habari hiyo sikuigusa.

Baba yako,
Issa


Igunga, 25 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na nyingine ya jana maana nilipokuona nilisahau kukuamkia. Mafua yamekwisha. Natumai ulifika salama na paka amekupokea vizuri.

Saa sita nzima, Baba! Sijui kama uliona nilivyokuwa nakutazama ukila. Umekonda. Wasichana wote waliitazama ile Noah nyeupe, wakaniuliza ni ya nani. Nikasema ni yetu. Nilitaka tu, kwa siku moja, kuwa mtoto ambaye hahurumiwi. Usikasirike.

Nina rafiki wa kweli sasa, anaitwa Adelina, kitanda chake kimegusana na changu. Kwao ni upande wa Kipalapala. Tangu mwezi wa saba tufungue hajapata mgeni. Baba yake ana nyonga mbovu, hawezi kukaa kwenye basi mpaka huku, na gari lao liko kwa fundi huko Tabora mjini tangu mwezi wa sita. Jana alijifanya anafua ili asiwe karibu na geti. Mwezi ujao nitamwita ale na sisi, ongeza chakula. Likizo fupi tunabaki shuleni kwa ajili ya mtihani wa taifa, kwa hiyo utakaponiona ni tarehe ishirini na nane tu. Nimeshaanza kuhesabu.

Binti yako anayekukumbuka,
Zamda


Tabora, 1 Oktoba 2024

Mama yangu Zamda,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ingawa nimechoka, na sababu utaisoma hapa chini. Natumaini koo lako limepona baada ya kucheka kiasi kile.

Jumamosi ile imenipa chakula cha moyo cha mwezi mzima. Yule rafiki yako amenishangaza. Nilipoingia getini na ile Corolla ya kijivu alitoka mbio kunipokea, akakuacha nyuma wewe mwenye baba. Kisha akasimama ghafla, nadhani kwa haya. Nikasema moyoni, huyu kalelewa. Mbona hakula lakini? Vijiko viwili vya pilau akasema ameshiba. Nilimwambia asijali, baba yake naye atakuja mwezi ujao. Akaniitikia tu kwa kichwa.

Kurudi hakukuwa kuzuri. Nilipoiacha Nzega gari likachemsha, na mimi kwa haraka ya kufika sikusimama mapema. Gasketi ikaungua, nikavutwa kwa kamba na lori mpaka Tabora. Mwenye gari tumemwambia injini ilikuwa imechoka tangu zamani. Mambo ya gereji hayo, wewe shika daftari.

Baba yako,
Issa


Igunga, 6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Lile gari ni la baba yake Adelina. Kitambaa cha viti vya nyuma, kile cha kitenge chenye ndege, mama yake alikishona mwenyewe. Adelina hakukimbia kukupokea wewe. Aliliona gari lao linaingia, akajua baba yake amekuja. Alisimama alipokuona wewe ndiye unayeshuka.

Halafu mimi nikamwita aje ale. Akakaa kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa gari lao, wewe unampakulia pilau na kumwambia baba yake atakuja. Siku ileile asubuhi baba yake alikuwa amempigia matroni simu. Alisema fundi amemwambia kipuri hakijafika kutoka Mwanza na gari liko juu ya mawe.

Kwenye gari lao kuna rozari inayoning'inia kwenye kioo cha mbele. Adelina aliitafuta kwa macho hakuiona. Alipofungua saraka ya mbele ulipokwenda kunawa mikono, aliikuta imefungwa kwenye leso yako. Kama ulikuwa unalijaribu gari tu, Baba, kwa nini uliificha?

Aliniambia jioni tukiwa bwenini, bila kulia. Alisema, "Zamda, usiku na mchana namwombea baba apone nyonga aje. Kumbe gari lilikuwa linakuja kwako." Kesho yake akahamisha kitanda.

Niambie kama si kweli. Nitakuamini wewe.

Zamda


Igunga, 15 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima, maana hujajibu. Konda anasema barua yangu alikukabidhi mkononi.

Nimewaambia wasichana kuwa ile Noah haikuwa yetu. Mmoja alicheka, wengine walinyamaza, na kunyamaza kuliniuma zaidi. Adelina bado hasemi na mimi ila akinikuta bombani ananiachia ndoo yangu ijae kwanza. Sijui ni hasira au ni adabu.

Jumamosi ya tarehe ishirini na sita ndiyo siku ya wageni ya mwisho kabla ya mtihani. Sijui hata nataka uje au usije. Lakini andika.

Zamda


Tabora, 25 Oktoba 2024

Binti yangu mpenzi Zamda,

Shikamoo zako zote nimezipokea, hata zile ulizoandika umenuna. Mimi nina afya. Nisamehe kimya. Barua yako niliibeba mfukoni mwa shati siku tatu, nikiitoa kila nikikaa, kama vile ningekuta maneno yamebadilika.

Ni kweli yote. Na kuna ambalo hulijui. Gari lilikuwa tayari tangu Jumatano ile. Mzee Kornel, ndilo jina la baba yake Adelina, alikuja gereji Alhamisi anachechemea na fimbo yake, akaniomba kwa upole kama ningeweza kulimaliza kabla ya Jumamosi, maana ana mtoto shuleni. Hakusema shule gani na mimi sikumwuliza. Nikamwambia kipuri bado. Wewe ulishaniandikia habari za nyonga na Kipalapala. Nilisoma, nikapita. Fundi akisikia mlio mbaya anajua unatoka wapi, mwanangu, ila ule sikutaka kuusikia. Nilikuwa nakutamani mno, nikaona shida za watu wengine zinaweza kungoja wiki moja. Rozari niliitoa kwa sababu ilikuwa inanitazama.

Siku ya nne nilichukua baiskeli nikaenda Kipalapala. Nilimkuta Mzee Kornel anapukuchua karanga na mkewe. Nikamwamkia, akaniitikia na kuniletea kiti, akidhani nimekuja kumpa habari njema ya gari. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Habari ya gasketi hakuishughulikia. Aliniuliza kitu kimoja: "Alipoliona gari, alidhani ni mimi?"

Nikasema ndiyo.

Mkewe aliinuka akaingia ndani. Mzee akaendelea kupukuchua karanga muda mrefu, nami nimesimama pale, sijui niondoke au nikae. Mwishowe akasema, "Sitaki kitu chako. Lakini siku yangu umeichukua. Jumamosi hii ya mwisho nataka unipe yako. Usionekane pale shuleni. Nataka mtoto wangu anione bila kukuona wewe."

Zamda, nilikubali. Nilikubali haraka kwa sababu ilikuwa haki, na njiani nikirudi ndipo nikakumbuka kuwa siku ile haikuwa yangu peke yangu.

Bosi nilimwambia nilichofanya. Hakukasirika kwamba nilitoa gari, alikasirika kwamba nilikwenda kusema. Akaniambia wote wanafanya hivyo, mimi ndiye niliyewavua nguo mbele ya wateja. Gari la mzee niliruhusiwa kulimaliza, nikalimaliza kwa mikono yangu, kisha nikakusanya spana zangu. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa Sikonge kwenye gereji ya Mhoja, natengeneza trekta za watu wa tumbaku. Ni kazi, usihofu. Kwa Mhoja hakuna gari la mteja linalotoka getini, nimemwomba mwenyewe aniwekee sharti hilo.

Leo asubuhi nimempelekea mzee gari lake. Nikamwomba akubebee barua hii. Akanijibu kuwa barua ataibeba. Rozari nilikwisha kuirudisha mahali pake.

Najua kesho utakaa pale na kutazama. Nisingependa utazame, lakini ningekuwa wewe ningetazama. Kwenye mtihani soma swali mara mbili. Nakutamani, mama, kuliko ninavyoweza kuandika, na sasa ninaogopa hata kusema hivyo kwa sababu kutamani huko ndiko kulikonifikisha hapa.

Baba yako,
Issa


Igunga, 26 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Naandika haraka juu ya boneti ya gari, Mzee Kornel amesema atanisubiri nimalize ndipo aondoke. Vidole vyangu vina mafuta ya kuku, nisamehe madoa.

Amekuja saa nne kamili, ndiye mgeni wa kwanza. Adelina alikuwa darasani, hakuwa anamtarajia mtu. Aliposikia jina lake alitoka akitembea, kwa jinsi alivyokuwa anaogopa kukosea tena. Mzee aliposhusha mguu mmoja na fimbo ndipo akakimbia. Baba yake nusura aanguke. Wote wawili walilia, na mlinzi naye akageukia ukutani.

Mimi nilikuwa kwenye kona ya jiko. Nilitazama, kama ulivyosema. Barua yako nilikuwa bado sijapewa, kwa hiyo nilikuwa nakutafuta.

Baadaye Adelina alinifuata mwenyewe. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mama katuma chakula kingi, njoo." Nikala nao. Mzee alinipa barua yako, akageuka upande wa pili ili nisome. Hakukutaja kwa ubaya wala kwa uzuri. Aliniuliza tu nimejiandaaje na Hisabati, akanimegea paja la kuku.

Nina hasira na wewe. Nimeisoma barua mara mbili, kama swali la mtihani, na bado ninayo. Najua ulikwenda mwenyewe kwa baiskeli na kusimama mbele yao, na hilo nalishika. Lakini wewe na Mzee Kornel mmebadilishana siku kama watu wazima, mkamaliza. Hakuna aliyekwenda kumwuliza Adelina, na hakuna aliyeniuliza mimi.

Sasa wamekaa kiti cha nyuma, mlango uko wazi. Adelina amelala kifuani kwa baba yake na viatu amevua, anamsimulia mambo ya miezi minne bila kupumua. Mzee hajibu, anasikiliza tu. Hiki ndicho ulichomchukulia, Baba. Nilikuwa sijakiona kwa macho, leo nimekiona.

Na nikiwa nimekiona hivyo, na kujua kwamba ni haki yao, bado nilikuwa naomba mlango wa upande wa pili ufunguke ushuke wewe.

Binti yako,
Zamda