Mashine Niliyoiweka Juu ya Tangawizi

Mjomba, shikamoo.

Ni mimi, Elinaja wako. Tangu tukuzike Mhezi sijapanda tena mlimani. Niko bandarini Dar, nafunga makontena kwa vyuma juu ya meli. Mgongo umekwisha, lakini kazi ipo.

Huku hakuna anayepanga mzigo kwa macho kama wewe. Ofisini yupo binti mmoja, Neema. Kompyuta yake inajua kila kontena lina uzito gani na litashushwa bandari ipi, inamchorea lipi likae chini na lipi juu. Sisi tunafuata mchoro.

Juzi kontena moja zito lilichelewa, likakuta safu yake imeshajaa. Tukataka liwekwe juu tu, tukale. Neema akalijaribu kwenye mchoro, kompyuta ikakataa, ikaweka rangi nyekundu. Akaagiza matatu yashushwe, lile liingie chini, kisha yarudishwe. Wenzangu wakapiga kelele: "Dada, leo unatuua!" Naye: "Bora mchoke nyie kuliko meli ilale ubavu."

Mimi nilikuwa naiona ile mashine ya kusaga.

Lori lako lilikuwa limejaa tangawizi, wewe umeenda kunywa chai, ndipo wenyewe wakaileta mashine yao. Ulinifundisha mwenyewe: "Chuma chini, hata kama ni kupakua lori zima." Nilikuwa nimechoka, mjomba. Nikajiambia itashuka kwanza, njiani. Nikaomba watu, tukaipandisha juu ya magunia, nikaifunika turubai usiione. Uliporudi ukaniuliza, "Umepanga vizuri?" Nikasema ndiyo. Mimi nikabaki, wewe ukaondoka. Hukuivuka kona ya pili.

Msibani majirani walisema ulikimbiza gari. Nikaitikia. Mpaka leo mkeo akinipigia simu huuliza, "Hivi mjomba wako alikuwa anawahi nini?" Wewe, uliyekuwa ukiteremka mlima polepole mpaka wanawake wenye mizigo kichwani wanakupita!

Basi jana baada ya kazi nikamchorea Neema lori kwenye kipande cha boksi. Nikamwambia ni la mtu ninayemfahamu. Akasema lori si meli, hawezi kujua kila kitu, ila kwa mzigo ule kona ingeweza kulilaza hata likienda taratibu. Kisha akauliza, "Sasa mzee, nani alipandisha chuma juu?"

Nikasema simjui. Hiyo ni mara ya pili nakukana.

Nimeomba ruhusa, nimepewa siku nne. Nitashuka Same, nipande mpaka kwako. Kwenye simu siwezi, nitakata kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Nitamwambia mkeo uso kwa uso, mbele ya wanao na majirani walewale, kwamba hukukimbiza gari, kwamba ni mimi. Wakinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa.

Pumzika, mjomba. Jina lako nililiharibu mimi, nitalirudisha mimi.

Elinaja