Makaburi ya Kilimani Hayamo Kwenye Ramani Yenu

Mtaa wa Mulberry, nyumba 214,
Port Wexler, Iowa.
23 Aprili 1956

Mpendwa mjukuu wangu Lucius,

Hujambo? Na mkeo Corinne, kifua kimepoa? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Anayeandika ni dada yako Verlene. Nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Mto ulijaa mwezi wa tatu, ukaishia ngazi ya pili ya kanisa. Matope tumeshayaondoa.

Sasa nisikilize. Alhamisi nilikwenda ofisi ya mji kuuliza habari za barabara wanayotaka kuipitisha kilimani. Bwana Kruse akatandaza ramani mpya mezani, ile ya ofisi yenu ya ramani, yenye mistari ya kahawia ya miinuko. Akaweka kidole.

"Hapa patupu, bibi. Kuna jalala la makombe ya kome wa mtoni tu."

"Mume wangu amelala kwenye hilo jalala. Ondoa kidole chako juu yake."

Akacheka. "Ramani haisemi hivyo."

Mpimaji wenu aliona makombe ya kome yenye matundu palipokatwa vifungo, akadhani kiwanda cha vifungo kimetupa taka. Hakuuliza mtu. Yeye namsamehe, ni mgeni. Wewe je? Mwaka juzi ulituandikia kwa majivuno kwamba karatasi ya ramani ya mji wetu imeletwa mezani kwako uikague. Ulipofika kilimani macho yako yalikuwa wapi? Ulikuwa na miaka tisa ulipobeba makombe hayo kwa ndoo, ukayapanga mwenyewe kuzunguka kaburi la babu yako Elbert, kwa kuwa jiwe la kaburi hatukuweza kulinunua. Watu arobaini na mmoja wamelala pale, Lucius. Au uliona haya kuwaambia wazungu wa ofisini kwako kwamba hivyo ndivyo tunavyozika?

Wiki hii nimeunguza mkate wa mahindi mara mbili kwa hasira.

Kikao cha barabara ni Jumatatu, tarehe saba Mei, saa nane mchana. Sitaki barua ya radhi wala pesa ya maua. Panda treni uje. Mimi nisiyejua kusoma Kruse hanisikilizi. Wewe atakusikiliza, maana kalamu iliyopaacha patupu ni yako. Simama mbele yao useme kwa sauti nani amelala pale, jina kwa jina. Utakaowasahau nitakutajia, nitakuwa nimekaa mstari wa mbele.

Mbusu mwanenu Naomi. Mjomba Roscoe anakusalimu. Shangazi Idella anasema salamu zake utazipata ukifika. Mungu akulinde safarini, na safari yenyewe iwe hii ya kuja huku.

Bibi yako akupendaye, na ndiyo maana amekasirika,
Zerelda