Kiti cha Tatu

Kariakoo,
Dar es Salaam.

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na Mama naye hajambo na kuku wake. Sisi huku hatujambo kabisa, mimi na mume wangu. Nimeliandika neno hilo taratibu, Baba, maana bado linanichekesha. Mume wangu! Usinicheke.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini nina ombi moja ambalo kwenye simu nisingeweza kulimaliza, hasa baada ya wewe kusikia kwamba tunatafuta meza ya kulia, ukauliza kama mikeka imeisha Pangani. Haijaisha, Baba. Ule alionisukia Mama umetandikwa chumbani na hakuna anayeukanyaga na viatu. Lakini meza nimeipata, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanuna.

Tunakaa ghorofa ya tatu. Tuna chumba, sebule, na jiko jembamba ambalo nikitaka kufungua friji lazima nirudi nyuma mpaka mlangoni. Sebuleni, chini ya dirisha, palibaki pembe tupu. Siku ya kwanza tu nikamwambia Twaha kwamba hapo ndipo tutakapokula, mimi na yeye, uso kwa uso. Alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Kisha tukaenda kuuliza bei madukani, na kicheko kikaisha. Meza za huku zinauzwa kana kwamba zinakuja na mpishi wake.

Bahati nzuri, mtaa wa nyuma walikuwa wanabomoa nyumba ya zamani wajenge ghorofa. Twaha akaona mlango umelazwa kwenye kifusi, mninga mtupu, akaupapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Msimamizi akamwambia auchukue, mradi asimwombe mtu wa kumbebea. Akamwita rafiki yake Fikirini, fundi seremala wa Magomeni, wakaupandisha ngazini huku majirani wakiuliza kwa sauti kama bibi harusi kashatoroka mpaka mlango umeng'olewa. Fikirini akaupunguza, akaupiga msasa, akauwekea miguu. Tundu la kitasa alitaka kuliziba, nikamkatalia. Kikombe changu cha chumvi kinakaa humo barabara, hakianguki hata tukicheka vipi. Na tunacheka sana, Baba.

Sahani nimezipata kwa Mama Joyceline, Mchaga mwenye duka la vyombo vya jumla. Yeye huuza kwa dazeni, lakini dazeni ikivunjika njiani, zinazosalia hukaa chini ya meza yake hazina mwenyewe. Nikamwomba hizo. Akanitazama toka juu mpaka chini akasema mimi ni Mchaga aliyezaliwa pwani kwa bahati mbaya, kisha akanipunguzia tena. Kwa hiyo hakuna sahani inayofanana na mwenzake. Moja ina maua, moja mstari wa buluu, moja jogoo. Ya jogoo ni ya Twaha, ole wako uiguse. Rafu ni makasha ya matunda tuliyoyapaka rangi nyeupe, vikombe vinaning'inia chini yake kwenye ndoano, na kitambaa cha meza ni ile kanga ya kijani ya harusini.

Viti tulinunua viwili tu, vya mitumba. Muuzaji alipotushawishi tuchukue na cha tatu, Twaha aliniuliza hicho ni cha nani, na jinsi alivyoniangalia, mimi nikayeyuka.

Sasa sikia. Ijumaa iliyopita mama mkwe wangu, Bi Sitara, alikuja kututembelea. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kwao ni kama kwetu, wanaume hula barazani, wanawake uani. Basi kwa mazoea nikampakulia Twaha mezani peke yake, mimi nikabeba sinia letu jikoni. Jamani, nilisahau jiko lenyewe lilivyo! Bi Sitara akasimama mlangoni akaniuliza, mwanangu, tunakaa wapi sasa, juu ya gesi? Twaha akamvutia mama yake kiti chake, mwenyewe akageuza ndoo akaikalia. Tukala watatu.

Mama wa watu alikula kidogo tu. Alikuwa anamtazama mwanawe. Mwishowe akasema, kumbe bado unautenga ukoko pembeni uule mwisho! Alikuwa akifanya hivyo alipokuwa mdogo, kabla hajahamia sinia la baba yake barazani. Tangu siku hiyo mama yake hakuwahi kumwona akila tena, kazi yake ilikuwa kupakua na kuosha vyombo. Akafuta macho kwa ncha ya kanga akasingizia pilipili. Pilipili sikuweka.

Na mimi ndipo nikajua kwa nini niliing'ang'ania meza hii, Baba. Nilidhani ni mapenzi tu. Miaka yote nimebeba sinia lako mpaka pazia la barazani, nikapiga hodi, kaka akalipokea, nikarudi uani. Nimekujua kwa yale yanayorudi. Kichwa cha samaki kilikuwa kinarudi mifupa mitupu, na nyanya zilikuwa zinarudi nzima. Nikawa nakuombea nyanya zipunguzwe, mpaka Mama akaniuliza nimejuaje kama si ami Mbwana, mliyekula naye sinia moja, anayeziacha. Mpaka leo sijui. Sijawahi kumwona baba yangu akila.

Kwa hiyo juzi nimenunua kiti cha tatu. Kipo upande wa dirishani, penye upepo. Twaha akitundika shati juu yake namfukuza. Najua meza si mambo yako, na kula na binti yako utakuona kama mchezo wa kizungu. Nakuomba uje hivyohivyo, siku moja tu. Mama akae kwenye kiti cha Twaha. Mwenyewe kashazoea ndoo.

Nisalimie ami Mbwana na kaka zangu, na Mama mwambie mkeka wake unapendwa. Mkweo anakupa shikamoo nyingi.

Ni mimi bintiyo,
Najma

Nimesahau: usimtume Mama anieleze unachopenda. Nitapika samaki, nitaweka na nyanya, nikae mbele yako nione mwenyewe.