Anayemkatia Mgomo Majani

Mwalimu,

Fahali wako yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kumuulizia hata mkeo. Felista anajua hivyo, na amekusamehe.

Tulipokuzika, wengi walisema Mgomo ataishia buchani. Fahali wa kupigana anataka majani mabichi kila asubuhi, na mtu wa kumtembeza. Felista anaumwa mgongo, watoto wako Nairobi. Mimi nikishika panga, ninajihatarisha mwenyewe kuliko nyasi.

Anayemkatia majani ni Mzee Shisia.

Ndiyo, yule wa ng'ambo ya mto, ambaye fahali wake alimkimbiza Mgomo mbele ya watu wote, kisha mzee mwenyewe akakuambia, "Mwalimu, wewe fundishanga watoto, mambo ya ng'ombe tuachie sisi." Alimleta fahali wake kwenye mazishi, kama desturi inavyotaka, akamzungusha bomani kwako ngoma za isukuti zikilia. Nilidhani yameishia hapo. Asubuhi ya pili akarudi peke yake na mzigo wa majani ya nepia kichwani.

Nilimuuliza kwa nini. Akacheka. "Hii ikichinjwa, yangu itapigana na nani? Na mti?"

Hilo lilikuwa somo lako. Unakumbuka msituni Isecheno, tulipowatazama kima wa makundi mawili wakigombea mpaka? Majike kadhaa walisonga mbele pamoja, wengine wakabaki nyuma wakila matunda. Ukawaonyesha hao walaji, ukasema, "Umeona? Kila kundi lina wabunge wake." Halafu ukanieleza, njia nzima ya kurudi, kwamba watu nao hushikana vizuri zaidi wakiwa na wa kushindana naye. Ndugu husaidia kwa sababu ya damu. Jirani husaidia akitarajia kusaidiwa. Anayemsaidia mgeni anataka jina. Mengine, ulisema, ni mahubiri.

Basi sikiliza. Fahali wa Shisia alivunjika pembe, akauzwa. Mzee hana tena wa kumpiganisha, na anasema hatanunua mwingine. Nikasubiri aache kuja. Hakuacha. Amekuja na mvua, amekuja siku ambazo Felista yuko kanisani na hakuna wa kumwona ila mimi, niliyepita kwa bahati. Nilipomuuliza tena alikasirika: "Wewe na huyo Mwalimu wako mlikuwanga watu wa kuulizauliza. Ng'ombe iko na njaa."

Pengine ungesema akili zetu ziliumbika zamani katika vikundi vidogo, ambamo hakuna lililofichika, ndiyo maana mtu hutenda kana kwamba anatazamwa hata akiwa peke yake. Pengine. Siwezi kuthibitisha, nawe hupo kubishana nami. Nimezoea vifo, nimeviandika gazetini miaka mingi. Sikuzoea kukosa mtu wa kuniambia nimekosea.

Ninalojutia ni hili. Shisia alipokuja kukuona hospitalini na ndizi zake, ulingoja atoke, ukaniambia, "Amekuja kuangalia kama nitafika mapigano ya Desemba." Ndizi hukuzigusa. Ulikufa siku chache baadaye ukiamini hivyo. Ungeishi kidogo zaidi ungeona ninayoyaona, na sijui ungeyaita nini.

Desemba hii yeye ndiye atakayemwingiza Mgomo uwanjani. Watu wa upande wetu walinung'unika. Felista akawauliza nani kati yao amewahi kuleta hata jani moja.

Juzi, akifunga mzigo, Shisia aliniuliza bila kunitazama, "Ile siku nilileta ndizi, nikitoka, Mwalimu alisema nini?" Nilijifanya napokea simu.

Kazini kwetu kila anayesemwa hupewa nafasi ya kujibu. Wewe huna tena nafasi ya kusahihisha kauli yako. Kwa hiyo nakuahidi: akiuliza tena, nitamwambia uliomba ndizi ya pili. Itakuwa habari yangu ya kwanza ya uongo, nami nitaisimamia.

Pumzika, Mwalimu.