Kumi na Moja kwa Ishirini

Chuoni, Bukoba
14 Februari 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mafua ya huku ziwani hayanitoki. Natumaini wewe na Mama hamjambo na goti lako limepata nafuu.

Mkufunzi wetu wa Kiingereza ametupa kitenzi kimoja, spoil, tukitungie sentensi kumi, kila moja na maana yake. Wenzangu wote wameandika kwamba chakula kiliharibika. Mimi pia nimekwama kwenye chakula. Nikifanya vibaya sitaruhusiwa kufundisha Kiingereza. Naomba unisaidie kama zamani, tulipokuwa tukikaa mezani na taa.

Jambo la pili. Wakati wa Krismasi nilikueleza habari za Celestin wa Kamuli, mtoto wa Mzee Mbonimpa. Baba yake atakuletea barua ya posa mwezi huu kwa mkono wa mshenga wao, Mzee Polikarpi. Nakuomba, Baba, ipokee vizuri. Huyo ndiye niliyemchagua.

Mwanao,
Placidia

*

Nyaishozi
3 Machi 1986

Mwanangu Placidia,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti ni lile lile. Mama yako anauliza kama unakula.

Barua yako nairudisha ndani ya bahasha hii. Ina makosa manne, yote ya haraka. "Jambo la pili" si sentensi. Usiiwekee nukta kana kwamba umemaliza kusema.

Sasa kitenzi. Nakupa kwa Kiswahili, wewe utafsiri. Mvua iliharibu kahawa iliyoanikwa chini. Mlevi mmoja alivuruga harusi ya watu. Bibi alimdekeza mjukuu mpaka akakataa kushika jembe. Sisi tuna maneno matatu hapo. Mwingereza anatumia hilo moja, na msomaji ajue mwenyewe. Tena kuna hii: maziwa yalichacha kabla ya jioni. Hapa hakuna aliyetenda, jambo limetokea lenyewe. Sentensi za namna hiyo usiziandike nyingi. Wanafunzi wavivu huzipenda, kwa sababu hazimtaji mtu.

Usiandike kwamba chakula kiliharibika. Hiyo ni sentensi ya mtu mwenye njaa.

Barua ya Kamuli imefika. Polikarpi aliileta Jumanne iliyopita, akakaa, akatafuna kahawa, akasifu migomba yangu. Nimeishughulikia na nimekwisha kuirudisha.

Baba yako

*

Chuoni, Bukoba
29 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Msalimie Mama. Mwili wangu ni mzima.

Jumamosi iliyopita Celestin alikuja hapa, amesimama juu ya lori tangu alfajiri. Hakukaa. Alinipa barua ya baba yake, ile uliyosema umeishughulikia. Nilipoifungua nilidhani ni damu. Nyekundu kila mstari! "Herufi kubwa." "Nafasi." "Tunaomba, si tunawomba." Na chini kabisa: Kumi na moja kwa ishirini. Andika upya. Umepiga na mstari kwa rula.

Baba, unajua ni nani aliyeandika barua ile? Mzee Mbonimpa aliingia nchi hii kwa miguu akitokea Rwanda, akalima mashamba ya watu miaka kumi kabla ya kupata lake. Herufi amezijua juzi, kwenye kisomo cha watu wazima, akiwa na zaidi ya miaka hamsini. Watu walimshauri amwombe katibu wa kanisa amwandikie. Alikataa. Alisema, "Mtoto ni wangu, na barua nitaandika mimi." Ilimchukua wiki mbili.

Polikarpi alisoma jibu lako mbele ya ukoo mzima, pamoja na alama. Kuna waliocheka. Sasa mzee anasema mtoto wake haoi kwenye nyumba ambamo mkwe anapewa alama kama mtoto wa darasa la tatu. Ameanza kuulizia binti mmoja wa Igurwa. Wakishavuna kahawa mwaka huu, atatoa neno.

Sentensi tisa nimempa mkufunzi, akazisifu. Ya kumi nimeibakiza, kwa sababu mtenda ni wewe.

Placidia

*

Nyaishozi
10 Aprili 1986

Mwanangu Placidia,

Marahaba. Tu wazima. Chini ya barua yako hukuandika "mwanao". Nimeona.

Sikuikataa posa. Mtu anayekataa hasahihishi, anachana. Barua ya namna hiyo huwekwa sandukuni, wajukuu wataisoma, na nilitaka waikute safi. Nilisubiri nakala nyingine ili nijibu ndiyo. Isitoshe, kumi na moja ni alama ya kufaulu. Mzee Mbonimpa aliyaelewa mambo yote muhimu: nani anaomba, anamwomba nani, anaomba nini. Wapo walimu niliofanya nao kazi ambao hawafiki hapo.

Jambo hili limeharibika kwa sababu ya Polikarpi na sauti yake. Nani alimtuma asome hadharani?

Mweleze Celestin hivyo. Nijibu upesi.

Baba yako

*

Nyaishozi
2 Juni 1986

Mwanangu Placidia,

Salamu nyingi. Hatujambo. Huu ni mwezi wa pili bila neno lako. Nimeshuka barabarani mara tano kusubiri basi la Bukoba, na kondakta sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mama yako anaanika kahawa peke yake. Juzi nilimwambia aigeuze kabla ya saa sita. Akasema, "Nipe alama basi, Mwalimu, nijue nimefeli." Akaendelea: "Mkwe umempa kumi na moja. Ungemlaza chini umchape na viboko, ungemaliza kazi."

Silali vizuri. Nikishika kitabu nakiweka. Nikienda shambani nasahau nilichofuata. Watu wa Kamuli wameanza kuvuna. Nimeona magunia yao yakipita. Andika, hata mistari miwili.

Baba yako

*

Kamuli
19 Julai 1986

Mwanangu Placidia,

Natumaini u mzima, ingawa huniambii. Mimi ni mzima, ila goti limevimba kwa safari.

Ninaandika nikiwa nyumbani kwa Mzee Mbonimpa. Leo ni siku ya tatu.

Nilifika Alhamisi mchana. Mkewe, Mama Mukandekezi, alinipa kiti akanipa na maji ya kunawa. Kahawa ya kutafuna hakuleta. Unajua huku kwetu hata mdai ushuru anawekewa punje mbili tatu kiganjani. Nilikaa na kiganja kitupu, nikaelewa.

"Mwalimu," alisema Mbonimpa, "umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya mdomo au ya maandishi? Ya mdomo mimi siwezi kuipa alama."

Mukandekezi alicheka mpaka akauweka ungo chini. Mimi sikucheka.

Mzee aliingia ndani, akatoka na daftari la mtoto. Mwanangu, aliandika upya. Nilivyoagiza ndivyo alivyofanya, mara sita. Aliniambia, "Kila nikimaliza naitazama. Najua kosa limo, silioni liko wapi. Basi nachana." Ya sita hakuichana. Alifunga daftari, akatuma mtu Igurwa. Jumatano ijayo watu wa Igurwa wanakuja hapa kuchukua jibu.

Niliisoma ile ya sita. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Niliurudisha.

Nikamuuliza, "Nifanye nini, mzee mwenzangu?"

"Mimi nilikuomba mtoto kwa lugha ya shule yako. Wewe nijibu kwa lugha ya nyumba hii. Andika kwa Kinyarwanda."

"Sikijui. Najua Kinyambo."

"Mimi Kiswahili nilizaliwa nacho?" Akanyoosha mkono. "Na hiyo kalamu nyekundu iliyo mfukoni, nipe."

Nilimpa. Niliandika kuanzia saa nane hadi jua kuzama, maana maneno mengi yanakaribiana na yetu, na hayo ndiyo yaliyoniangusha. Mzee alivaa miwani, akaniita mezani, akasahihisha nikiwa nimesimama. Nne kwa ishirini. Andika upya. Rula hana, mstari aliupiga kwa ukingo wa kisu cha ndizi. Jana nimepata sita, leo tisa. Amesema, "Mimi nilipata kumi na moja ukanirudisha. Wewe ukifikisha kumi na moja nitakupokea. Nani sasa mwenye huruma?" Celestin yupo, anapita na ndoo za kahawa bila kuniangalia, ila leo asubuhi alinong'ona neno moja nililokosea jana. Baba yake akamfokea: "Wewe! Mtihani huo!"

Jana ile karatasi ya kwanza niliificha chini ya mto ili Mukandekezi asiione. Alikuwa amekwisha kuiona. Miaka thelathini na tisa nimewarudishia watu karatasi, na sikumwuliza hata mmoja aliipeleka wapi.

Sentensi yako ya kumi nimeitunga mwenyewe, usitie mkono wako: Baba aliharibu barua ya Mzee Mbonimpa. Mwezi wa nne nilikuandikia kwamba jambo limeharibika. Haikuwa kweli, halikuharibika lenyewe, na si Polikarpi. Itafsiri, umpe mkufunzi wako.

Zimebaki siku nne.

Baba yako

*

Kamuli
22 Julai 1986

Mwanangu Placidia,

Salamu. Kumi na moja.

Alihesabu mara mbili, akitafuta kosa la kuninyima. Alilipata moja, akalitazama kwa muda mrefu, akalipita. Nililiona nami, nikanyamaza. Kisha akasimama, akaita kwa sauti: "Mukandekezi! Lete kahawa, mkwe wetu amefaulu!" Celestin amekwenda Igurwa sasa hivi kwa baiskeli, hakusubiri hata chakula, kuwaambia wasije kesho.

Ninatafuna ninapoandika. Kesho ninarudi nyumbani. Barua ya sita ya Mzee Mbonimpa ninayo mfukoni, nami nimekwisha kuijibu ndiyo. Nitaiweka sandukuni, wajukuu waikute kama alivyoiandika. Ina makosa saba. Siyagusi.

Kalamu nimemwachia.

Niandikie, mwanangu. Hata vibaya.

Baba yako