Kisanduku Nilichokiacha Wazi

Jumapili asubuhi, Kikwajuni. Mvua inanyesha tangu alfajiri. Mama amenigongea mlango mara mbili nikanywe chai, nami nimemwambia nnakuja, lakini bado nimekaa kitandani na simu mkononi. Nataka kuyaandika haya kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Wale mnaokuja kwenye blogu hii kwa ajili ya mapishi yangu ya Ijumaa mnisamehe. Leo hakuna mapishi.

Jana nilikwenda Nungwi kumtazama Bwana Ame. Wiki tatu zimepita tangu apoteze mkono, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda.

Mimi ni fundi umeme. Kampuni ninayofanyia kazi hapa mjini inauza na kufunga stabilaiza za viwandani, zile kubwa kama kabati la nguo. Zinapokea umeme unaopanda na kushuka, zinautoa ukiwa sawa, ili mota zisiungue. Mwaka huu tulifunga moja katika kiwanda kidogo cha barafu kule Nungwi, na Bwana Ame ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga barafu. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mcheshi. Siku ya kwanza aliponiona nimevaa buti na bisibisi mfukoni aliniita "Fundi Bibi", na jina likabaki.

Stabilaiza hizi zina kinga za lazima na kinga za hiari. Za hiari zimeorodheshwa kwenye fomu ya oda, kila moja na kisanduku chake cha kutia alama. Kukinga radi. Kukata umeme ukizidi au ukipungua mno. Kukata ikipotea fezi moja, yaani waya mmoja kati ya zile tatu zinazoleta umeme. Swichi ya kupitisha umeme moja kwa moja siku kifaa kikiharibika. Kuuchelewesha umeme nusu dakika unaporudi, mpaka utulie. Na cha sita: umeme ukikatika ukarudi, kifaa kisitoe chochote mpaka mtu aende akabonyeze kitufe kwa mkono wake.

Mwenye kiwanda alisema tukubaliane na Bwana Ame, kwa vile yeye ndiye anayeijua mashine. Tukakaa nje ya mlango wa kiwanda, fomu juu ya goti langu. Vitano vya mwanzo nilimweleza vizuri. Aliuliza maswali, nikamjibu, nikamchorea na picha.

Cha sita nilikieleza kwa sentensi moja. Alasiri ilikuwa imeshapita, nilikuwa nimechoka, na dereva wa kampuni alikuwa ananipigia honi.

"Hiki kitakufanya uende ukabonyeze kila umeme ukirudi," nilimwambia.

Akacheka. "Na umeme wa hapa unavyokatika, Fundi Bibi? Si ntashinda nnakwenda na kurudi tu?"

"Basi tukiache," nikasema.

Niliyesema ni mimi.

Mashine yake ina swichi ya zamani, ya kushusha kwa mkono, ambayo ukishaiwasha inabaki hivyo hivyo. Umeme ukirudi, mashine inaanza yenyewe. Hilo alikuwa akilijua, ameishi nalo miaka. Zamani umeme ulikuwa unarudi dhaifu, mota ikanguruma kwanza kabla ya meno kuzunguka. Mngurumo ule ndio uliokuwa ukimwambia atoe mkono. Asilolijua, na mimi nililijua, ni kwamba stabilaiza niliyoifunga inakaa kimya nusu dakika, kisha inatoa umeme kamili, na meno yanazunguka papo hapo. Nilikuwa nimemwondolea onyo lake, na sikumwambia.

Kwenye fomu niliandika: mteja ameelezwa, amekataa. Nikatia saini.

Siku ya ajali umeme ulikatika huku bonge la barafu limekwama kwenye meno. Hakuzima swichi. Aliingiza mkono kulitoa, kama alivyofanya mara mia huko nyuma, akisikiliza. Hospitali walilazimika kuukata kwenye kifundo. Mkono wa kulia.

Habari ilipofika ofisini, bosi wangu alifungua kabati, akaitoa fomu, akaisoma taratibu, akashusha pumzi.

"Umetuokoa," akaniambia.

Niliona haya. Lakini kwa vile hapa naandika ukweli, niandike na hili: nilipata nafuu vilevile. Nafuu ile ndiyo iliyonifanya nikae wiki tatu bila kwenda kumtazama.

Jana nilipiga hodi, akanipokea mkewe, Bi Mize. Alinikumbatia. Akaniambia mumewe alikuwa akiniulizia, anashangaa Fundi Bibi kapotelea wapi. Nilitamani nirudi palepale mlangoni.

Bwana Ame alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa bandeji nyeupe, umelazwa juu ya mto. "Shikamoo," nikamwambia. "Marahaba," akajibu, na akanipa mkono wa kushoto. Nikauchukua kwa mikono yangu miwili. Bi Mize akaleta chai na mandazi. Tukazungumza habari za mvua, habari za mama yangu, habari za mguu wake Bi Mize unaouma. Kila nikitaka kuanza kumweleza, anakuja jirani kumpa pole.

Walipoondoka majirani, Bwana Ame aliniomba nimsomee karatasi. Miwani yake ilivunjika siku ya ajali, alisema, na Bi Mize anasoma Qur'ani lakini barua za ofisini zinamchosha. Ilitoka kwa mwenye kiwanda. Ilisema ajali imetokea kwa uzembe wa mwendeshaji mwenyewe, naye hana dai kwa mtu yeyote. Chini kulikuwa na mstari wa saini.

Nikaisoma mpaka mwisho. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwengine.

"Ndivyo," alisema Bwana Ame. "Nlikuwa na haraka. Miaka kumi na moja sijakosea, siku moja tu nkakosea." Akachukua kalamu. "Nishikie karatasi isicheze, Fundi Bibi. Huu wa kushoto haujazoea."

Nikaishika.

Naandika tena ili nisije nikasahau: niliishika. Nilikibana kile kikaratasi kwa vidole vyangu vyote kumi, akaanza kuandika alifu, herufi ya kwanza ya jina lake, imepinda, kalamu inamtoka. Mwandiko wa mtu anayejua kuandika lakini mkono haumtii. Hapo ndipo nilipoivuta karatasi.

"Usitie saini, Bwana Ame. Kuna kitu sikukwambia."

Nikamweleza. Kisanduku cha sita, mngurumo, honi ya dereva, nilivyoandika kwenye fomu. Nilisema haraka haraka nikiangalia mkeka. Nilipomaliza aliiweka kalamu chini.

"Kwa hivyo tungekitia alama kile, isingewaka?"

"Isingewaka. Ingekungoja wewe."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyepewa jibu la swali.

"Wiki tatu nnajiuliza kwa nini sikuisikia," akasema. "Nlidhani masikio yangu yameanza kuzeeka."

Laiti angenitukana.

Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni. "Na wewe ulikuwa unajua?" akaniuliza.

"Nlikuwa najua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Alikuja akakichukua kikombe changu cha chai, sijakinywa hata nusu, akakiweka kwenye sinia. "Basi nenda, mwanangu," alisema. "Sikufukuzi. Leo nenda tu."

Nilikwenda moja kwa moja kiwandani. Pale kwenye mashine palikuwa na mtu mwengine, jamaa kutoka Kendwa, kijiji jirani, mwenye watoto wanne, ameletwa kushika nafasi ya Bwana Ame. Alikuwa ameinama akikwangua barafu kwenye meno kwa kipande cha chuma. Mashine imesimama kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Swichi haikuzimwa.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Akaruka nyuma, akanitazama kama mwenda wazimu.

Nikaizima swichi, nikafungua skrubu za mlango wa stabilaiza. Ndani kuna kiswichi kidogo cha kuzungusha, chenye alama mbili: yenyewe, au kwa mkono. Kinga ile ilikuwemo ndani tangu kiwandani ilikotengenezwa. Kisanduku kikiachwa wazi, maana yake ni kwamba haiwashwi, basi. Hilo nalo nililijua. Nikakizungusha. Umeme uliporudi tulijaribu, mimi na yule jamaa: nikaiwasha swichi ya mashine, nikakata umeme wa jengo zima, nikaurudisha. Nusu dakika ikapita, dakika ikapita, mashine kimya.

"Mbona haiwaki?" akauliza.

Nikamwonesha kitufe cha kijani cha kubonyeza, nikamweleza mara tatu kwa nini. Kisha nikamwambia anieleze yeye. Kazi yote, toka kufungua mpaka kufunga, haikufika robo saa.

Mwenye kiwanda alikuwa ofisini. Nilimwomba karatasi nikaandika maelezo palepale: mwendeshaji hakuelezwa hatari, aliyesema kisanduku kiachwe ni mimi, yale maneno kwenye fomu si kweli. Nikaandika jina langu kamili. Aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Bosi wako anajua kama unaandika haya?"

"Atajua sasa hivi."

Nikayapiga picha, nikamtumia kabla sijatoka Nungwi. Alinipigia mara nne sikupokea. Ya tano nikapokea. Hakupiga kelele, nilidhani atapiga. Alisema tu nije Jumatatu asubuhi na funguo za stoo.

Nilifika nyumbani, nikamwambia mama kichwa kinaniuma, nikalala na nguo zangu.

Leo, nilipokuwa katikati ya kuandika haya, umeingia ujumbe kutoka simu ya Bi Mize. Hakuna salamu. "Hajatia saini. Anauliza ile kinga ya sita umeiwasha? Anamuogopea yule aliyeshika nafasi yake."

Nikajibu, "Nshaiwasha jana. Tumeijaribu."

Ameusoma. Hajaandika kitu.

Sina haki ya kujibiwa, hilo najua. Kesho nitapeleka funguo, na yeyote atakayeniuliza habari ya fomu ile nitamwambia kama nilivyowaambia wao. Kazi ikiondoka nitatafuta nyengine, mikono yangu ninayo yote miwili. Nungwi nitarudi siku Bi Mize atakaponiambia njoo.

Na asiponiambia?