Kuonja Tajini kwa Macho

Jumapili, 9 Novemba
Chapati za Madamu, uji wa mama mkwe wake, chai ya maziwa. Kama kila siku jikoni kwa Madamu, hapa Doha. Wiki ya tatu sasa sisikii harufu wala ladha. Mafua yaliisha, ulimi haukurudi. Napika kwa vipimo na kwa macho. Hamisi, dereva wa nyumba, mtu wa Tanga, akija kuchukua chai namwonjesha mchuzi. "Chumvi bado, dada." Anajua yeye peke yake. Mpishi asiyesikia ladha ni wa nini? Mkataba wangu unaisha Desemba.

Jumatano, 12 Novemba
Hamisi alitumwa mtaa wa Al Thumama tangu asubuhi. Nikakisia. Samaki akawa chumvi tupu. Madamu alisukuma sahani. Alasiri akaniambia Ijumaa yeye na mama mkwe wake wanakwenda kula chakula cha Kimoroko na mimi nitakwenda nao. Nionje, kisha niwapikie wageni wake wiki ijayo.

Ijumaa, 14 Novemba
Mkahawa uko mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Tulikuwa watatu: Madamu, mama mkwe wake tunayemwita Mama Mkubwa, na mimi. Miaka minne Doha, leo ndiyo mara ya kwanza kuwekewa sahani yangu mkahawani. Siku zote nilikwenda kubeba watoto wa Madamu.
Tajini ya kondoo, nyama iliyopikwa taratibu katika chungu cha udongo, ikafunuliwa, mvuke ukanipiga usoni. Harufu hakuna. Madamu akauliza wametia nini. Nikataja nilivyoviona: lozi, ufuta, zafarani kwa rangi yake. Akaridhika. Ikaja bastila, andazi pana la matabaka membamba, kuku ndani, unga mweupe juu. Nikatafuna. "Chumvi imezidi kidogo," nikasema. "Hiyo ni sukari!" Madamu alicheka, akadhani natania. Mama Mkubwa hakucheka. Alichukua kipande cha limau lililolowekwa chumvi, akanitia mdomoni. Nikatafuna bila kukunja uso. Akanitazama, akaendelea kula.
Niliogopa. Na nilifurahia, hilo nalo ni kweli. Bastila inavyovunjika menoni. Nyama inavyoachia mfupa. Mtu mwingine kunimiminia chai.

Jumamosi, 15 Novemba
Nilingoja Mama Mkubwa aseme, niitwe nifukuzwe. Sikuitwa.

Jumatatu, 17 Novemba
Mama Mkubwa kaingia jikoni na mkongojo wake. Sijawahi kumwona humo. Akavuta kiti.
"Tangu lini?"
Nikamwambia. Nikalia, kidogo.
"Kupika sikuwahi kujua," akasema. "Lakini ulimi ninao. Nipe kijiko."
Tajini ya kwanza aliitema. Ya pili alitaka limau zaidi. Ya tatu alimaliza bakuli.

Alhamisi, 20 Novemba
Wageni kumi na wawili. Walipangusa vyungu kwa mkate. Madamu aliniita sebuleni, akawaambia nilionja mara moja tu nikajua kila kilichomo. Mama Mkubwa aliinamia sahani yake. Nikaona aibu. Afadhali siku ile ya samaki, sikusifiwa kwa uongo.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimemwambia Madamu mwenyewe, asubuhi. Aliuliza mbona sikusema. Jumanne Hamisi atanipeleka kwa daktari wa pua. Mpaka nipone, Mama Mkubwa ataonja. Mkataba utaendelea, alisema, bila kunitazama.
Mchana nimekula tajini iliyobaki jana. Ya moto, laini. Ladha hakuna. Nimekula taratibu, nikamaliza.